Antibodi Inayojua Kunyamaza

Dar es Salaam ukitaka kuuza dawa ya majani, sema inaongeza kinga. Mlonge unaongeza kinga, muarobaini unaongeza kinga, unga wa ubuyu unaongeza kinga, na ile chupa isiyo na lebo inayopitishwa dirishani kwenye daladala za Mbagala nayo inaongeza kinga. Mimi sina ugomvi na miti shamba. Muarobaini nimenyweshwa sana utotoni na bado nipo. Shida yangu ni ya kikazi. Nipo kwenye maabara ambako madai hayohayo huja yakiwa yamevaa koti jeupe, na mshahara wangu unatokana na kuuliza maswali ya kuudhi: kinga ipi? Imepanda kwa kiasi gani? Umeionaje?

Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalotaka kulizungumzia leo, kupitia kichupa kimoja kidogo sana ambacho lebo yake inasomeka XMG1.2, jina la antibodi iliyomo.

Kinga ya mwili si kitu kimoja kinachopanda na kushuka. Ni umati wa seli za aina nyingi, kila aina na kazi yake, zinazoarifiana kwa kurushiana protini ndogondogo ziitwazo saitokini. Saitokini moja inasema "njooni huku", nyingine "zaaneni", nyingine "basi, inatosha, tulieni". Anayekwambia dawa yake imeongeza kinga hajakwambia ni ujumbe upi umeongezeka, na kuna ujumbe ambao ukizidi unakuua.

Ujumbe ninaoufuatilia mimi unaitwa intaferoni gama. Jina la intaferoni lilianza mwaka 1957, pale Alick Isaacs na Jean Lindenmann walipoona kwamba seli zilizokutana na virusi vya mafua hutoa kitu kinachozuia virusi vingine. Walikuwa Mill Hill, London, kwenye taasisi iliyokuwa na jina lilelile la NIMR yetu, hii taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mwaka 1965 Frederick Wheelock akaripoti kitu cha namna hiyohiyo kikitoka kwenye seli nyeupe za damu ya binadamu, safari hii bila virusi. Alikuwa ameziamsha kwa faitohemaglutinini, dutu inayotoka kwenye maharage. Ndiyo hiyohiyo inayofanya maharage mekundu yasiyoiva yakusokote tumbo usiku kucha. Maabarani tunaiita PHA kwa kifupi, na hadi leo ndiyo tunayotumia kuziamsha seli za mtu tukitaka kuhakikisha bado zina uhai wa kujibu.

Hiyo aina iliyotoka kwenye seli nyeupe ndiyo baadaye ikaitwa gama. Hutolewa zaidi na seli T na zile za NK, aina mbili za seli nyeupe, na kazi yake kubwa ni kuiamsha makrofaji, ile seli inayomeza vijidudu, ili iviue ilivyovimeza badala ya kukaa navyo tumboni. Kwetu sisi ambao nchini mwetu TB ipo jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1993 vikundi viwili vya watafiti Marekani vilionyesha kuwa panya walioondolewa jeni ya intaferoni gama wakiambukizwa TB huzidiwa na kufa mapema. Mwaka 1996 zikaja taarifa za watoto waliozaliwa na kipokezi kibovu cha intaferoni gama, ambao walilemewa na bakteria dhaifu kabisa, akiwemo mmoja aliyeangushwa na bakteria wa chanjo ya BCG, chanjo ambayo wengi wetu tuna kovu lake begani na hatukumbuki hata tulichomwa lini.

Sasa kuiona. Intaferoni gama tunaihesabu kwa pikogramu, na pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Huwezi kuipima kwa mzani, wala huwezi kuitazama kwa hadubini ya mezani. Inabidi upate kitu kinachoijua hiyo tu, kinachoishika katikati ya maelfu ya protini nyingine zinazoelea kwenye supu ileile, kisha ukifunge kitu hicho alama inayoonekana. Kitu hicho ni kingamwili, ambayo maabarani kila mtu anaiita antibodi.

Antibodi za maabara hazichumwi mtini. Mwaka 1975 pale Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya bandama ya panya, inayotengeneza antibodi ya aina moja lakini yenye maisha mafupi, na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika. Kilichozaliwa, haibridoma, kilirithi pande zote mbili: kinatengeneza antibodi ileile moja na hakifi. Ugunduzi ule haukuwekewa hataza. Waingereza walikuja kulilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi, wakati sisi wengine tulifaidika nalo. Mwaka 1984 wawili hao walipata Nobel pamoja na Niels Jerne.

XMG1.2 ni mtoto wa mbinu hiyo. Ilitokea miaka ya 1980 kwenye taasisi ya DNAX, Palo Alto, California, palepale ambapo Tim Mosmann na Robert Coffman walikuwa wakionyesha kwamba seli T saidizi za panya zipo za makundi mawili, na kwamba unayatofautisha kwa saitokini zinazotoa. Kundi la kwanza hutoa intaferoni gama. La pili hutoa intalukini 4. Bila antibodi za kuzitambua saitokini hizo mojamoja, wazo lile lingebaki mjadala wa kwenye chai.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wanafunzi kila mwaka. Antibodi ya kuitambua protini ya panya mdogo haikutengenezwa ndani ya panya mdogo. Imetoka kwa panya mkubwa, ndugu wa wale wanaokatiza kwenye mifereji ya Kariakoo usiku. (Si panya buku, wale wanaonusa makohozi kule APOPO Morogoro, hao ni ukoo mwingine na wana ajira yao.) Sababu ni rahisi: kinga ya panya mdogo imefundishwa tangu utotoni kutoishambulia protini ya mwili wake. Ukimchoma intaferoni yake mwenyewe, anaitazama tu. Mchome panya mkubwa, ambaye protini yake inafanana na ile lakini si ileile, ataiona ngeni na kuitengenezea antibodi. Kumbe antibodi ninayoitumia ilizaliwa kwenye tofauti ndogo iliyopo kati ya wanyama wawili ambao mtu wa mtaani anawaita kwa jina moja na kuwawekea mtego mmoja.

Tofauti hizo ndizo zinazotugharimu. Intaferoni gama ya panya na ya binadamu zinafanana kwa takriban asilimia 40 tu ya asidi amino zake. Ya binadamu haiwezi hata kuziamsha seli za panya. XMG1.2 inaishika ya panya. Ya binadamu inaipita bila salamu. Jambo hili limeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, na huwa limeandikwa pia juu ya boksi lenyewe.

Hata hivyo kuna ofisi moja ya manunuzi, naiacha bila jina, iliyopokea orodha ya vitendanishi, yaani vitu vya kupimia maabarani, kutoka kwa watafiti, ikaona boksi mbili zenye "IFN-gamma" juu yake, ikachagua ya bei nafuu. Ilikuwa ya panya. Sampuli zilikuwa za wagonjwa. Boksi likakaa kwa wakala wa forodha mpaka vifuko vya barafu vikawa vifuko vya maji, likafika, likatumika, na pleti nzima ya vipimo ikatoka nyeupe, bila rangi yoyote. Kilichoniuma si fedha, ingawa fedha ziliniuma. Kilichoniuma ni kwamba mtu mmoja kwenye kikao alianza kueleza kwa nini wagonjwa hawa hawana intaferoni gama. Alikuwa na nadharia tayari. Ilikuwa na mishale.

Ile antibodi ilikuwa imefanya kazi yake barabara. Iliulizwa kama kuna intaferoni ya panya kwenye damu ya mtu, ikajibu hakuna.

Watu wakisifia antibodi husifia inachokishika: rangi imekolea, alama imesimama, grafu imepanda. Mimi nimekuja kuamini kwamba antibodi unaijua kwa inachokikataa. Kushika ni rahisi. Protini nyingi zinanata, hasa kwenye plastiki, hasa kwenye joto hili letu. Antibodi mbovu hushika kila kitu na hukupa grafu nzuri sana. Nzuri ni ile ambayo ukiiwekea kitu kisichoihusu inanyamaza kabisa, halafu ukiiwekea chenyewe inasema.

Niieleze kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu ukimya huo hauji wenyewe.

Kipimo tunachokitumia zaidi ni ELISA, kilichoanzia Stockholm mwaka 1971 kwa Eva Engvall na Peter Perlmann. Aina yake tunayoitumia sisi inahitaji antibodi mbili zinazoshika protini ileile sehemu mbili tofauti, kama watu wawili wanaobeba kitanda, mmoja kichwani na mwingine miguuni. Wakigombania upande mmoja kitanda hakiendi. Kwa intaferoni gama ya panya, wa kwanza ni kloni, yaani antibodi ya ukoo mmoja wa haibridoma, iitwayo R4-6A2 na wa pili ni XMG1.2.

Jioni tunaiweka R4-6A2 kwenye pleti ya visima 96, mikrolita 100 kila kisima. Tunafunika, tunaiweka kwenye friji usiku kucha ili antibodi inate chini ya plastiki. Asubuhi tunaosha kwa maji ya chumvi yenye sabuni kidogo, tunageuza pleti, tunaigonga juu ya karatasi za kunyonya mpaka tone la mwisho litoke. Ukiingia maabara yetu saa tatu asubuhi utasikia ko-ko-ko hiyo mpaka korido. Kisha tunaziba plastiki iliyobaki wazi kwa albumini ya ng'ombe, maana mahali popote palipo wazi kitu kisichotakiwa kitanata. Zinafuata sampuli, na pembeni yake intaferoni ya panya ya kiwandani iliyopunguzwa nusu kwa nusu, ambayo ndiyo rula yetu. Tunaosha tena. Ndipo inaingia XMG1.2 iliyobebeshwa biotini, halafu streptavidini, inayoinasa biotini hiyo na imebeba kimeng'enya cha peroksidesi, halafu TMB, ambayo kimeng'enya hicho huigeuza rangi. Palipo na intaferoni maji yanageuka bluu. Tunatia asidi ya salfuriki, bluu inakuwa njano, mashine inasoma kwenye nanomita 450.

Karatasi ya maelekezo inasema hatua kadhaa zifanyike kwenye "joto la chumba". Aliyeiandika alikuwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Upanga mwezi Februari, umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, chumba kinapita nyuzi 30 na shingo inalowa. Kimeng'enya hakina habari na karatasi. Kinakimbia na joto. TMB iliyotakiwa kukaa dakika kumi na tano inakuwa bluu nzito kabla hujamaliza kusafisha miwani. Mbaya zaidi, visima vya pembeni mwa pleti hupata joto kwanza na hukauka kwanza, kwa hiyo sampuli ileile ikiwekwa pembeni inasoma juu na ikiwekwa katikati inasoma chini. Sisi siku hizi visima vya pembeni tunavijaza maji ya chumvi tu na kuviacha, na pleti hatuzibebanishi. Tunapoteza visima 36 kwa kila pleti. Watu wa bajeti hawapendi kusikia hilo, lakini wakija na kiyoyozi kisichozima tutavirudisha.

Antibodi yenyewe, kinyume na hofu ya wengi, ni ngumu. Saa chache nje ya friji haziiui. Nimeona watu wanatupa kichupa kizima kwa sababu umeme ulikatika kuanzia mchana mpaka jioni, na nikawaomba wakirudishe kwenye friji. Kinachoichosha ni kugandishwa na kuyeyushwa, kugandishwa na kuyeyushwa, na mtu mwenye friza anapenda sana kuitumia friza yake. Zile zilizofungwa rangi za kung'aa kwa ajili ya flosaitomita, mashine inayosoma rangi kwenye seli mojamoja, ndizo hazitakiwi kugandishwa kabisa. Moja ya rangi hizo, fikoeritrini, hutolewa kwenye mwani mwekundu, kundi pana lilelile lenye mwani wanaoulima kina mama wa Paje na Jambiani. Huwa nawaambia wanafunzi wanaotoka Unguja na wanafurahi; wa bara wanaandika tu.

Turudi kwenye ukimya. Njia bora ya kuhakikisha XMG1.2 inashika intaferoni gama na si kitu kingine ni kuijaribu kwa panya asiye na jeni hiyo. Ikionyesha rangi kwa panya huyo, inasema uongo. Panya hao wapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ukiwa Boston unawaagiza. Kwetu, kumleta panya hai mwenye sifa hizo kunataka vibali, karantini, chumba cha peke yake na mtu wa kumtunza sikukuu ya Idi na Krismasi. Kwa hiyo tunatafuta ukimya kwa njia nyingine.

Ipo ya seli ambazo hazijaamshwa. Ipo ya kontroli (kipimo cha kulinganishia) ya aisotaipu, yaani antibodi ya panya mkubwa ya aina hiyohiyo, IgG1, ambayo haina inachokitafuta. Kontroli hii mimi siiamini sana. Ni protini nyingine, imetengenezwa siku nyingine na pengine imebebeshwa rangi kwa kiwango kingine. Ikinyamaza inakwambia habari zake zaidi kuliko za XMG1.2. Wanaohakiki makala wanaipenda, basi tunaiweka. Kwenye flosaitomita ninaogopa zaidi seli zilizokufa, ambazo hushika antibodi yoyote inayopita, na makrofaji, ambazo zina vipokezi vya kushika mkia wa antibodi bila kujali kichwa chake kinatafuta nini. Hizo unazizuia mapema kwa antibodi nyingine, 2.4G2, inayoviziba vipokezi hivyo.

Ninayoipenda ni ya kuishibisha kwanza. Unaichanganya XMG1.2 na intaferoni ya panya ya kiwandani kwa wingi, mpaka mikono yake ijae, ndipo unaipeleka kwenye seli. Rangi ikitoweka, basi ilikuwa inashika hiyo. Rangi ikibaki, una tatizo.

Na ipo moja tuliyoanza kuitumia kwa sababu ya uhaba, nami sasa nisingeiacha hata nikiletewa panya kutoka Boston: damu ya mtu. Anayejitolea anatoa damu, kwa ridhaa na kibali cha kamati ya maadili. Tunaziamsha seli zake kwa PHA, zinamwaga intaferoni gama ya binadamu tele. Tunapima kwanza kwa seti ya kipimo (kit) ya binadamu kuhakikisha ipo. Hatua hiyo hairukwi, maana ukimya una maana pale tu ulipohakikisha palikuwa na jambo la kusikika. Kisha maji yaleyale tunayapeleka kwenye pleti ya panya. Humo mna karibu kila kitu ambacho seli za kinga hutoa zikiamshwa, isipokuwa kimoja tunachokitafuta. XMG1.2 ikinyamaza hapo, tunaendelea na kazi. Haigharimu karibu chochote, na kila loti (toleo) mpya ya antibodi inapoingia tunaanza nayo.

Kuna wanaoona haya ni madoido ya watu wasio na kazi. Mwaka 2015 kwenye jarida la Nature, Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, pamoja na wenzao zaidi ya 100 waliotia saini, waliandika kwamba antibodi za utafiti hazieleweki vya kutosha, na wakataka zitambulishwe kwa mfuatano wa jeni zake badala ya jina la biashara na namba ya katalogi. Mwaka 2023 ikatoka kazi iliyojaribu antibodi 614 za madukani dhidi ya protini 65 zinazohusiana na mfumo wa neva. Zaidi ya nusu zilishindwa angalau kipimo kimoja, na nyingi kati ya hizo zilizoshindwa zilikuwa zimeshatumika kwenye makala zilizochapishwa. Hizo ni maabara zenye kila kitu. Sisi ambao kichupa kimoja kinasubiriwa miezi ndio hasa hatuna nafasi ya kukiamini kwa sababu ya lebo yake. XMG1.2 inatetewa na umri: imepita mikono mingi kwa miongo minne, na watu wameijaribu kwa panya wasio na jeni. Lakini kilicholindwa na miongo hiyo ni kloni. Kichupa kilicholala forodhani hakijalindwa na mtu.

Tuseme sasa umepima vizuri. Intaferoni gama imepanda kweli. Je, kinga imeongezeka?

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya chanjo ya TB iitwayo MVA85A, iliyojaribiwa kwa watoto wachanga 2,797 Afrika Kusini. Kabla yake kulikuwa na kazi ya miaka kwa wanyama na kwa watu, na chanjo ilikuwa inaamsha seli T zinazotoa intaferoni gama, ndiyo iliyopimwa, ndiyo iliyotia moyo. Kwenye ugonjwa wenyewe haikuwakinga watoto kwa kiwango cha kutajika. Ujumbe ulikuwepo, ulinzi haukuwepo. Upande wa pili, kwa panya wanaougua malaria ya ubongo kutokana na Plasmodium berghei, intaferoni gama ni sehemu ya kinachowaua. Panya wasio na kipokezi chake hawaupati ugonjwa ule wa ubongo. Kwa hiyo mtu akiniletea unga wa majani unaopandisha intaferoni gama mara tano, simpongezi wala simpi pole. Namuuliza amepima kwa nani, na anataka kupambana na nini.

Ndivyo nilivyomuuliza mwanafunzi mmoja wa uzamili mwaka huu. Alikuwa na majani aliyoyaloweka, akayachuja, akakausha maji yake mpaka yakawa unga. Mti siutaji kwa sababu kazi haijachapishwa. Alikuwa akiuweka unga ule kwenye seli za bandama za panya, anasubiri, anapima. Akaja mbio na pleti mkononi, njano kila mahali.

"Dada, imepanda!"

"Wapi?"

"Kila kisima chenye dawa. Na ile ya damu ya mtu imenyamaza kama ulivyosema. Na seli tupu zimenyamaza."

"Shikamoo yako nitaipokea baadaye. Polimiksini umeweka?"

Akaniangalia. "Polimiksini ya nini, dada? Sina bakteria mimi."

Hana bakteria hai. Lakini bakteria wa gramu hasi wakifa huacha LPS, kipande cha ganda lao, na LPS ipo kwenye maji ya bomba, kwenye ndoo, kwenye jani lenyewe lililokaa juani. Kuchemsha hakuiondoi. Vyombo vya kioo tunavichoma kwenye tanuri kavu nyuzi 250 kwa nusu saa ili kuiua, na jani huwezi kulifanyia hivyo. Makrofaji ikikutana na chembe zake tu inatoa intalukini 12, intalukini 12 inaziamsha NK na seli T, na intaferoni gama inapanda kweli kabisa. Antibodi itaripoti bila kukosea hata kidogo. Ila kilichoziamsha seli kitakuwa ndoo.

Polimiksini B ni dawa ya bakteria ambayo inaishika LPS na kuinyamazisha. Akarudia jaribio lote: unga peke yake, unga na polimiksini, na kisima cha konkanavalini A, kiamsha-seli kingine kama PHA, na polimiksini ili kuhakikisha dawa hiyo haizilemazi seli. Konkanavalini A ikabaki juu palepale. Unga ukashuka, si wote, lakini karibu wote. Kilichobaki kilikuwa kidogo kiasi kwamba tulibishana nacho mchana mzima juu ya sahani ya wali maharage, yeye akikiona, mimi sikioni.

Sasa analoweka majani upya, kwa maji yasiyo na LPS, kwenye vyombo vilivyochomwa tanurini, na anasubiri vitendanishi vya kupima LPS yenyewe, ambavyo viko njiani au viko forodhani, hakuna anayejua. Safu ya polimiksini ameamua itakaa kwenye mchoro wa kwanza wa tasnifu, si kwenye viambatisho. Msimamizi wake hakufurahi; anasema inaufanya mchoro uonekane hauna matokeo. Mimi nimemshauri aongeze na safu ya damu ya mtu.